Jina Kwenye Kizimba cha Panya

Kerosi hakunywa chai. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, wanategemea niwasimulie habari za hadubini na sindano, na mimi kinachonijia kwanza ni kile kikombe chake cha maziwa ya moto saa nne asubuhi, ameketi nacho mlangoni pa chumba cha panya, anawatazama panya wake weupe kama mama anayengoja mtoto amalize uji. Alikuwa Msabato. Chai hanywi, kahawa hanywi, nguruwe usimtajie, na kambare, ambaye sisi watu wa ziwa tunamwita mumi na tunamla mpaka mifupa tunaifyonza, Kerosi alikuwa akimpita sokoni Homa Bay kana kwamba hakumwona. Nilikuwa nikimtania. "Ndugu Kerosi, mumi ni najisi, lakini panya umewashika siku nzima?" Naye hunijibu kwa upole ule ule ulioniudhi miaka yote: "Dada Benta, panya siwali."

Niseme mapema kwamba mimi hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu hauna breki. Nilikuwa mwosha vioo pale maabara ya hospitali ya Homa Bay. Nilifika pale kwa sababu ya mume wangu. Tulikuwa tumekwenda kulima upande wa Lambwe, ardhi nzuri, majani mpaka kiunoni, na mbung'o. Mwaka wa 1961 mume wangu alianza kusinzia na jembe mkononi. Watu walicheka, wakasema ni mvivu, na mimi, Mungu anisamehe, nilimgombeza. Yalikuwa malale. Dawa iliyokuwepo, ile inayounguza mshipa wa mkono, ilimfikia akiwa amekwisha. Nilipomaliza matanga nilikwenda hospitali nikasema nataka kazi, yoyote, mradi iwe mahali wanapopigana na kitu kile. Wakanipa ndoo na brashi.

Kerosi alinikuta pale. Kwao ni milima ya Kisii, lakini baba yake alihamia Suna kufanya biashara ya chumvi na vitambaa, na yeye ujana wake aliumalizia Macalder, kwenye mgodi, akipima vumbi la dhahabu kwenye mizani ndogo. Nadhani ndiko alikojifunza ule utulivu. Mtu aliyezoea kushusha pumzi polepole ili asipeperushe vumbi la watu hawezi kuwa na papara. Alikuwa mrefu, mkono mwembamba, na akishika panya, panya hatapatapi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila baada ya miezi michache lilikuja sanduku kutoka ng'ambo, limejaa chupa ndogo za unga. Chupa hazikuwa na jina, zilikuwa na namba tu. Hakuna aliyejua kilichomo kama ni dawa au ni takataka. Sisi ndio tulipaswa kujua. Daktari, Mzungu mmoja mkimya aliyetuachia mambo mengi, alikuwa akipima unga, halafu Kerosi anachukua panya kumi na wawili ambao wameshatiwa damu yenye malale. Sita wanapewa dawa ya chupa ile. Sita wanapewa maji ya chumvi tu. Kila asubuhi anakata ncha ya mkia, kidogo kama ukucha, anadondosha tone la damu kwenye kioo, anatazama. Vile vijidudu vikiwa hai utaviona vinapiga mikia kati ya chembe za damu kama viluwiluwi dimbwini. Visipoonekana anaandika sufuri. Vikionekana anaandika alama ya kujumlisha, moja, mbili, tatu. Zikifika nne, panya yule kesho haioni. Wale sita wa maji walikufa kila mara. Ilibidi wafe, ili tujue kwamba wakipona wenzao, wameponywa na chupa.

Na malale hayakai kwenye chupa. Siku zile hatukuwa na mtambo wa kugandisha kitu. Yanakaa katika damu ya kiumbe hai, basi. Kwa hiyo kila wiki, kabla panya mgonjwa hajafa, Kerosi anachukua damu yake anaitia kwa panya wazima, na wiki ijayo tena, na tena. Ukichelewa siku moja, panya wamekufa wote, na malale yale uliyoyatoa kwa mgonjwa fulani yamepotea, huyapati tena. Jumamosi Kerosi yuko kanisani, zamu yangu. Jumapili mimi niko misa, zamu yake. Alinifundisha mwenyewe kushika sindano, na Ijumaa kabla jua halijashuka aliniandikia karatasi: panya fulani, kizimba fulani, fanya hivi.

Bhoke aliletwa Machi 1964. Alikuwa Mkuria, miaka ishirini hivi, mumewe kibarua aliyekuwa akifyeka vichaka vya mbung'o huko Lambwe. Siku Kerosi alipokwenda kumtoa damu nilikuwa nimebeba trei. Kikuria na Kigusii vinasikilizana kidogo, wakaongea. Baadaye aliniambia msichana aliuliza, "Damu yangu mnaipeleka wapi?" Na yeye akamjibu, "Nitakutunzia." Ndiyo maneno yake. Angeweza kusema tunaipima, kama tulivyowaambia wengine.

Walimpa ile dawa ya kuunguza. Vijidudu vikapotea, vikarudi. Wakampa tena. Vikarudi. Mwezi wa tano akafa. Baba yake alikuja na lori la mahindi kuuchukua mwili; nilimwona mgongo tu, koti kubwa la jeshi la zamani, anapanda nyuma pamoja na sanduku. Mumewe alivuka mpaka akaingia Tanzania na hatukumsikia tena.

Lakini damu ya Bhoke ilibaki kwa panya. Na hapo ndipo Daktari alipogundua kwamba ile dawa ya zamani, iliyosafisha malale ya wagonjwa wengine wote, kwa malale ya Bhoke haikufanya kitu, hata kipimo kilipoongezwa. Tangu siku hiyo kila chupa iliyofanya vizuri kwingine ililetwa mbele ya Bhoke. Ikimshinda Bhoke ni dawa. Isipomshinda, tupa. Daktari alisema kizimba kiandikwe namba 17. Kerosi akaandika 17, na chini yake akaandika Bhoke. Daktari alipomwuliza, akasema, "Nilimwahidi kumtunzia. Sikuiahidi namba."

Basi jina likashika. Hata Daktari aliacha namba. Asubuhi tunaulizana, "Bhoke ameamkaje?" Tunajibu, "Bhoke ameishinda chupa ya thelathini na tisa. Bhoke ameua sita." Na mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti, huku naosha vioo. Sikuona ubaya. Leo naona aibu.

Nyabuto, dereva wetu, alikuwa akienda Suna kuchukua pumba na majani makavu ya panya. Ni mtu wa maneno. Kwenye duka la chai huko Suna, siku ya soko, alikaa akawasimulia watu habari za Bhoke wa Homa Bay anayewashinda madaktari, aliyeua panya kumi na wawili wiki hii peke yake. Watu wa upande wa Ukuria hufika soko hilo.

Ijumaa moja ya Juni 1965, mapema asubuhi, nilimkuta mzee mlangoni pa maabara, koti la jeshi, fimbo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi.

"Nimeambiwa binti yangu yuko hapa," akasema.

"Wodi iko kule, mzee, nyuma ya tangi la maji."

"Si wodi. Namtafuta Bhoke."

Ndoo ilinitoka mkononi. Kerosi alikuwa ndani, akasikia. Angeweza kusema hapa hakuna mtu wa jina hilo, na lingekuwa kweli, na mzee angerudi kwao. Alitoka, akafuta mikono, akamtambua tangu siku ya lori la mahindi, akasema, "Karibu, mzee Wangwe. Ingia ukae."

Wangwe hakukaa. "Nilimzika mimi," akasema. "Nilishuka kaburini nikampokea kwa mikono hii. Sasa nimekaa Suna nakunywa chai, mtu ananiuliza mbele ya watu: mzee, binti yako amekuwa kitu gani huko Homa Bay, mbona anaua? Nimekuja nione."

Kerosi alimweleza yote, polepole. Ile damu, wale panya, zile chupa, kwa nini malale ya Bhoke yalikuwa na thamani kuliko mengine. Akampeleka mbele ya kizimba. Mwezi ule panya wazima walikuwa haba, kwa hiyo Bhoke alikuwa amebaki kwa panya watatu tu. Mzee hakujua kusoma maneno, lakini tarakimu alizijua, akaielekeza fimbo kwenye kadi ya kizimba.

"Hii sitini na mbili ni ya nini?"

"Ni mara ambazo damu imehamishwa."

"Na panya anayetolewa damu?"

"Anakufa, mzee."

"Basi amekufa mara sitini na mbili."

"Si yeye," Kerosi akasema. "Ni ugonjwa."

"Ugonjwa unaitwa malale. Hapa pameandikwaje?"

Mimi nikaingilia, nikasema, jamani, si tufute jina tu, tubakishe namba? Wangwe akanigeukia bila hasira. "Mama, ukifuta hapa, utafuta na vinywa vya watu wa Suna? Mtoto wangu hajapumzika. Nataka hii damu ikome. Ikome kabisa, nirudi nikawaambie wa nyumbani kwamba imekoma."

"Nimekukosea," Kerosi akamwambia. "Jina nililiandika mimi."

Daktari alikuwa Kisumu mpaka Jumatatu. Mzee akaenda kukaa kwenye banda la jamaa za wagonjwa. Siku nzima Kerosi alirudi na kurudi kwenye kile kizimba. Nilijua hesabu yake, kwa sababu ilikuwa hesabu yangu pia: vijidudu bado vilikuwa vichache kwa wale panya watatu siku ile, kesho vingejaa, na Jumapili hakungekuwa na panya. Kama ni kuhamisha, ni Jumamosi. Saa kumi alivaa koti lake. Nikanyoosha mkono nipewe karatasi.

"Sijaandika kitu, Dada Benta."

"Maana yake nini?"

"Maana yake sijaandika kitu." Akaenda zake.

Sikulala vizuri, nasema kweli. Nilimwona mume wangu na jembe lake. Nikajiambia, karatasi au bila karatasi, mimi nitahamisha ile damu. Mzee ana uchungu, sawa, nani hana? Lakini chupa zinakuja, na bila Bhoke tutajuaje ipi ni dawa?

Saa moja asubuhi mzee alikuwa mlangoni tena. Hakunizuia. Alisogeza miguu yake nipite. Panya mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wawili waliobaki walikuwa wamejikunyata, manyoya yamesimama, macho nusu. Nikachemsha sindano. Nikachukua panya wazima wanne kwenye kopo. Nikamshika yule mgonjwa shingoni kama nilivyofundishwa, na mzee akasema kutoka mlangoni, "Mama, na wewe umezika mtu?"

"Mume wangu. Malale haya haya."

"Jina lake nalo liko kwenye kizimba?"

Nikasema hapana. Na mkono wangu, huu hapa, mkono ambao haujawahi kuogopa kitu, ulikataa kwenda. Nilisimama pale na panya mkononi, hasira imenipanda. Si hasira ya mzee, hasira ya Kerosi. Alijua. Alijua kabisa ni mimi nitakayesimama hapa, yeye akiwa ameketi kwenye benchi la kanisa na suti yake ya Sabato.

Nilimrudisha panya, nikamwambia mzee asimguse panya wala kitu, nikaondoka na aproni yangu ya kazi, nanuka panya, mpaka kanisani kwao. Walikuwa katikati ya somo. Nikaingia mpaka mbele. "Kerosi," nikasema, "toka nje." Watu wote wakageuka. Akatoka.

"Umenitupia mzigo wako ukaja kuimba," nikamwambia pale uani. "Kama unataka iishe, basi imalize kwa mkono wako mbele ya yule baba. Kama unataka iendelee, vile vile, kwa mkono wako mbele yake. Lakini usijifiche nyuma ya Sabato. Mimi si kichaka chako."

Nilingoja anijibu kwa ule upole wake. Akaanza kulia. Mwanamume mzima, watoto wa kanisa wanachungulia dirishani. "Nilimwahidi binti," akasema. "Baba nimemkosea. Nikishika la huyu naacha la yule. Nimeomba toka jana, Benta. Sijasikia kitu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Benta tu. Hasira ikaniisha yote, ikabaki huruma, na huruma mimi sijui nifanye nayo nini. Nikamwambia twende.

Alipofika alimfungulia mzee mlango wa chumba cha panya, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Akakata ncha ya mkia, akaweka kioo, akamwelekeza jicho. Wangwe alitazama muda mrefu.

"Hawa ndio waliomla?"

"Ndio."

"Wanacheza," akasema mzee.

"Mzee," Kerosi akasema, "sitakuomba kitu. Nitakuonyesha mtu mmoja, kisha utasema, na utakalosema nitalifanya leo hii. Daktari akinifukuza, na anifukuze."

Tukaenda wodini. Alikuwa pale mwanamke wa Lambwe, Phelesia, amekwisha kupata ile dawa ya kuunguza mara mbili. Mama yake alikuwa akimlisha. Tonge la ugali lilikuwa mdomoni, na yeye amelala nalo, macho hayajafumba sawasawa, na mtoto mchanga amewekwa kifuani ananyonya mwenyewe. Wangwe alisimama. Halafu akainama, akalitoa lile tonge kwa kidole, akamfuta mdomo kwa mkono wa koti lake. Alifanya kwa wepesi wa mtu aliyeizoea kazi hiyo, na hapo nikaelewa kwamba zile wiki za mwisho za Bhoke mzee alikuwepo, alikuja wodini na mimi sikuwahi kumwona, kwa sababu nilikuwa nikiangalia vioo.

Tuliporudi panya alikuwa amebaki mmoja.

"Huyu akifa," Wangwe akauliza, "yule mama atapona?"

"Hapana."

"Na mkihamisha damu, atapona?"

Mimi ningesema ndio. Naapa ningesema ndio bila kupepesa jicho. Kerosi akasema, "Yule hapana, mzee. Chupa haitamwahi. Labda mwingine, mwaka mwingine. Na labda hakuna."

Mzee akakaa. Nje watu walikuwa wakipita kwenda sokoni. Kerosi hakumharakisha, ingawa yule panya alikuwa ameanza kulalia ubavu. Mimi nilijiuma midomo.

"Leta kalamu," Wangwe akasema mwishowe. "Hilo jina lifute lisionekane. Andika Wangwe."

"Mzee?"

"Mimi niko hai. Kwa mtu aliye hai haidhuru kitu. Wakiuliza Suna nani anaua panya huko Homa Bay, waambiwe ni mzee Wangwe, alikuwa askari, aliua na watu. Mtoto mwache alale. Ila jina la marehemu lisikae hapa tena. La mtu yeyote. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Sema tena."

"Jina la marehemu halitakaa hapa tena, mzee."

Kerosi akavua koti la Sabato, akanawa mpaka kwenye viwiko. Mzee hakungoja kuombwa, ndiye aliyemshika panya, na wale wazima wanne mmoja mmoja. Sindano ikaingia, ikatoka. Kisha Kerosi akachukua kadi mpya akaandika: Wangwe, 63. Mzee akaitazama ile tarakimu, akachukua fimbo yake, akaondoka na basi la mchana.

Phelesia alikufa siku ya tisa. Mtoto alichukuliwa na bibi yake.

Kuanzia hapo Wangwe alikuja kila baada ya mavuno, na ndizi au kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikuwa haingii wodini wala haendi kwa Daktari. Anakuja kwa Kerosi, anasimama mlangoni, anauliza, "Naendeleaje?" Kerosi anamjibu kama ilivyo: "Umeishinda chupa ya themanini na moja, mzee." Naye anatikisa kichwa, "Vibaya hivyo." Sijapata kuona mtu mwingine aliyeombea jina lake lishindwe. Ilipofika chupa ya mia moja na nne, panya sita wa Wangwe waliandikwa sufuri siku kumi na nane mfululizo. Daktari alikuwa akija saa kumi na mbili asubuhi bila kunyoa ndevu. Nyabuto alitaka kupeleka habari Suna, nikamwambia akifungua mdomo nitamvunja meno. Siku ya kumi na tisa Kerosi alitazama kioo, akatazama kingine, akatazama cha tatu, akaandika alama moja ya kujumlisha. Akaenda akanywa maziwa yake mlangoni, na siku ile sikumtania.

Septemba 1968, siku ya Jumatatu, Nyabuto alirudi kutoka Suna akiwa kimya, na Nyabuto kuwa kimya si jambo la kawaida. Mzee Wangwe amefariki. Kifua, siku nne tu. Wamekwisha kumzika.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuhamisha damu, mara ya mia mbili na thelathini na moja. Nilimfuata Kerosi chumba cha panya kwa sababu nilijua anachofikiri. Kadi ya Wangwe ilikuwa mezani. Nikamwambia, "Ndugu Kerosi, andika 17 sasa. Inatosha. Wote wameondoka, hakuna wa kuuliza." Akasema, "Namba ndiyo aliyoikataa Bhoke akiwa hajui anaikataa. Aliniuliza damu yake inakwenda wapi, na hilo ni swali la mtu." Akachukua kadi mpya, akaandika kwa mwandiko wake ule wa mgodini, herufi ndogo zilizonyooka: Kerosi, 231.

Nilipandwa na hasira, sikuficha. Mtu ana mke, ana watoto watano, mdogo hajaota meno, halafu anachukua jina lake kwa mkono wake mwenyewe analifunga kwenye mauti. Nikamwambia futa. Nikamwambia wewe ni mjinga, na huyo Wangwe alikuwa mjinga, na kama ni jina la mtu hai basi likae la Nyabuto, angalau mdomo wake ndio ulioanza. Akatabasamu kidogo. "Lazima awe mtu aliye hai, Dada Benta, na awe anataka kushindwa. Nyabuto hapendi kushindwa hata kwenye mchezo wa drafti." Kisha akahamisha damu, akaniambia kadi niifunge mimi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na damu.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Nikaingia saa moja, nikawasha jiko la kuchemshia sindano, nikaenda kwenye kizimba. Wale sita wa maji, wawili walikuwa wamekufa. Nikafungua daftari nikaandika nilivyofundishwa: Kerosi, wawili. Kisha nikakaa kwenye kiti chake nikalia mpaka aproni ikalowa, na mwenyewe yuko kanisani, mzima, anaimba.